Kanisa la mahujaji kwa vipande 156: tumeupima mfano wa mbao unaochongwa Lubumbashi

Karakana moja ya useremala ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, inauza sanduku la vipande 156 vya mbao. Ukivipanga, bila gundi wala msumari, unapata sehemu ya kanisa la mtindo wa Romaneski, la aina ile iliyojengwa kwenye njia za hija ya Santiago de Compostela, Uhispania, katika karne ya 11 na ya 12. Bei ni dola 70, au faranga kwa kiwango cha siku. Wanaolinunua ni shule za ufundi zenye kitengo cha ujenzi, parokia chache, na mafundi waashi wanaotaka wanagenzi wao waone tao linavyofanya kazi kabla ya kukabidhiwa matofali. Kwa kazi hiyo ya mwisho sanduku linafaa sana. Kijitabu kilichomo ndani hakifai, na sababu zake tutazitaja.

Kipimo ni 1 kwa 50, yaani sentimita 2 za mbao ni mita 1 ya kanisa. Basilika ya Saint-Sernin, mjini Toulouse, Ufaransa, ina urefu wa mita 115; kwa kipimo hicho kanisa zima lingekuwa mita 2 na sentimita 30, na hakuna meza ya darasani ya kulibeba. Seremala amefanya jambo la busara. Amechonga kipande cha katikati tu, nafasi mbili za kutoka nguzo hadi nguzo: urefu kama sentimita 20, upana sentimita 46, na sentimita 42 kutoka sakafuni hadi chini ya utosi wa tao kuu. Hizo sentimita 42 ni mita 21 za kweli. Kabla ya kuanza somo, kata mtu wa karatasi mwenye kimo cha sentimita 3 na nusu, umsimamishe katikati ya ukumbi. Mwanafunzi akishamwona huyo mtu, maelezo ya ukubwa yamekwisha.

Kwenye kifuniko pameandikwa kwamba hili ni kanisa la Saint-Sernin. Si kweli, na kosa linaonekana hata kabla hujafungua mfuko wa vipande vidogo. Saint-Sernin ina safu tano: ukumbi wa kati, na vipenu viwili kila upande. Sanduku lina kipenu kimoja kila upande. Huo ni mpango wa Sainte-Foy ya Conques na wa kanisa kuu la Santiago lenyewe. Kwa kawaida makanisa matano hutajwa pamoja kama ndugu: Saint-Martin ya Tours, Saint-Martial ya Limoges, Sainte-Foy ya Conques, Saint-Sernin ya Toulouse na Santiago. Vipenu viwili viwili vilikuwa Tours na Toulouse tu. Leo ndugu wawili hawapo: Saint-Martial ilibomolewa enzi za Mapinduzi ya Ufaransa, na madari ya Saint-Martin yaliporomoka mwaka 1797, ikabaki minara miwili. Kwa hiyo anayetaka kuwa mkweli afute jina la kifunikoni aandike Conques. Kimo hakitamwumbua, kwa kuwa dari la Conques liko kwenye mita 22, ingawa kanisa lenyewe halifiki hata mita 60 kwa urefu. Ni kanisa fupi na refu kwenda juu, limebanwa kwenye mteremko wa bonde.

Kupanga

Anza na pimamaji. Ubao wa msingi, sentimita 60 kwa 40, umechorwa mistari ya kuta na nguzo kwa patasi, nayo ni sahihi. Lakini meza ikiinama hata milimita 2, nguzo zenye kimo cha sentimita 34 zitaegemea upande mmoja na tao litakataa kufunga. Nguzo ni sita, kila moja ina vipande vinne na kichwa. Upande unaotazama ukumbi una nusu-nguzo iliyochongwa, inayopanda moja kwa moja hadi kwenye mguu wa tao kuu. Kipande cha tatu ndicho watu wanachokigeuza vibaya, kwa sababu pande zake mbili zinafanana. Piga mstari wa penseli kuanzia chini hadi juu mara ya kwanza ukipata mpango sahihi, na hutahangaika tena.

Madari ya vipenu vya chini yametolewa kama vipande vinne vizito, kila kimoja kikiwa na matao mawili yanayokatana yaliyochongwa tumboni. Hapo mwanafunzi hajifunzi kitu zaidi ya kuweka kipande mahali pake. Tunaelewa kwa nini: kukata vipande vya matao yanayokatana kwa ukubwa huu ni kazi ya sonara. Juu yake inakaa ghorofa ya vipenu, ikitazama ukumbi kwa madirisha mapacha: matao mawili madogo chini ya tao moja kubwa, na kinguzo katikati. Kinguzo hicho kina unene wa milimita 4 na ndicho kinachovunjika. Omba vya akiba.

Sasa tunafika mahali kijitabu kinapompoteza mtu. Kinasema ujenge tao kuu kwanza, kisha umalizie na nusu-matao ya ghorofa ya vipenu. Fanya kinyume chake. Nusu-tao moja ni robo ya duara: linaanzia kwenye ukuta wa nje, linapanda, na kuegemeza kichwa chake kwenye ukuta wa ukumbi karibu na mahali tao kuu linapoanzia. Yako sita, matatu kila upande, kila moja vipande vitano. Kazi yake ni kupokea msukumo wa dari kuu na kuupeleka kwenye ukuta wa nje wenye viegemeo. Ukijenga dari kuu wakati hayapo, unauliza nguzo zenye unene wa sentimita 3 zizuie peke yake kitu ambacho hazikuchongewa kukizuia. Ila ukiyatanguliza, nayo yanasukuma: yanazipeleka kuta za ukumbi ndani. Kwa hiyo kata vijiti vitatu vya sentimita 16 kamili, uvikaze kati ya kuta, kimoja kwa kila jozi ya nguzo, mpaka tao kuu lifungwe. Sanduku halina vijiti hivyo. Vinapaswa kuwemo.

Tao kuu lina nafasi ya sentimita 16 na limekatwa vipande 13. Kila kipande kina unene wa sentimita 1.2, upana wa sentimita 1.9 upande wa chini na 2.2 upande wa juu. Tofauti hiyo ya milimita 3 ndiyo tao lenyewe. Ukipindua kipande kimoja tu juu chini, kile cha kufungia kitabaki kinaning'inia au kitapenya hadi chini. Seremala ameweka nukta ya moto kwenye upande mpana, jambo dogo la kusifiwa. Panga kwa zamu, kimoja kulia, kimoja kushoto, sita kwa sita, ukimaliza na cha 13 utosini. Hicho kinashuka kwa kusukumwa na kidole gumba. Kikidai nyundo, usikipige. Tafuta kipande kilichovimba huko chini.

Unene wa sentimita 1.2 si wa kubahatisha, au kama ni wa kubahatisha basi bahati ilikuwa njema. Tao la nusu duara linalobeba uzito wake tu linahitaji unene usiopungua karibu sehemu 1 ya 10 ya nusu kipenyo chake. Chini ya hapo mstari wa msukumo, yaani njia ambayo uzito unapitia kushuka ndani ya tao, unatoka nje ya mbao (au ya jiwe, au ya tofali, hesabu ni ileile) na tao linakunjika. Hapa nusu kipenyo, ukipimia katikati ya unene, ni sentimita 8.6. Vipande vingechongwa kwa milimita 9 visingesimama hata kwa maombi ya novena. Kwa 12 vinasimama, bila ziada kubwa, na ndivyo inavyotakiwa kwa kifaa cha kufundishia: makosa yaonekane.

Kofraji, kile kiunzi kinachobeba tao linapojengwa, ni moja kwa matao matatu. Hilo wengine wamelilalamikia, sisi tunalitetea nusu. Waashi wa karne ya 11 nao waliweza kujenga nafasi baada ya nafasi, wakihamisha kiunzi kilekile cha mbao kutoka tao moja kwenda jingine, na matao yanayokatiza dari kutoka nguzo hadi nguzo yaliwafaa hasa kwa hilo. Lakini tao la mbao lenye upana wa sentimita 1 na nusu, likiachwa peke yake kofraji inapohamia la pili, linaanguka kiubavu kabla hujafika. Lishike kwa kijiti kilichofungwa kwa raba, au lipa dola 5 upate kofraji ya pili. Lipa hizo dola 5.

Kushusha kofraji ndiyo dakika ambayo darasa zima linanyamaza, na ndiyo dakika ambayo sanduku hili linaweza kukuaibisha. Kofraji imekaa juu ya jozi mbili za kabari. Kabla ya kuzigusa, jaza mchanga kwenye mabega ya tao, kile kipembe kati ya mgongo wa tao na ukuta, hadi karibu nusu ya kimo cha tao. Sababu ni hii: tao la nusu duara likielemewa, utosi hushuka na mabega hutaka kutoka nje, mzigo mabegani unayanyima nafasi. Kijitabu kinaagiza kumwaga mchanga utosini ili kulikaza tao. Huko ndiko kuliangusha. Ukishajaza mabega, rudisha kabari ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo, tena ya kulia. Ukilegeza upande mmoja wote, kofraji inalala na kulisukuma tao kwa bega.

Tao likishuka milimita 1 ni kawaida. Ufa mwembamba kama unywele chini ya utosi nao ni wa kawaida: nguzo zimetanuka kidogo, tao limefunguka tumboni utosini na mgongoni kwenye mabega, limepata bawaba tatu, yaani mahali patatu linapoweza kujikunja, na limetulia. Ufa ukiwa kinyume, yaani mgongoni utosini, ujue miguu imesogea ndani, na mara nyingi sababu ni nusu-matao yanayosukuma kwa sababu vijiti vya sentimita 16 viliondolewa mapema. Bawaba ya nne ikitokea, ondoa mkono chini.

Halafu vanishi. Karakana imepaka vanishi vipande vyote, pamoja na kabari na nyuso za vipande vya tao zinazogusana. Sanduku linang'aa dukani. Mezani, kabari zenye vanishi zinateleza zenyewe chini ya uzito, na vipande vya miguuni mwa tao vinateleza badala ya kuumana. Kusugua nyuso hizo kwa msasa namba 120 kunaondoa tatizo, ila ni kazi ya jioni nzima ambayo mnunuzi hakuilipia. Mwinuko wa kabari nao ni mkali mno, 1 kwa 4. Mwinuko wa 1 kwa 8 ungeshuka taratibu na ungekaa pale ulipoachwa.

Jaribio la kulipia sanduku

Mfano ukishasimama, na vipande 26 vya dari la pipa, yaani dari lenye umbo la nusu pipa, vikishalala juu ya matao, weka kilo 1 ya mchanga kwenye mfuko juu ya dari. Hakuna kinachotikisika. Sasa toa nusu-matao ya upande mmoja, moja moja. Ukitoa la kwanza, timazi uliyoning'iniza kando ya nguzo inaonyesha milimita 1 au 2. Ukitoa la pili unaona ufa chini ya utosi bila kuinama. La tatu usilitoe kama hutaki kuokota.

Hapo ndipo mtu anaelewa ghorofa ya vipenu ni nini. Kijitabu kinaiita balkoni ya kwaya. Inawezekana watu walisimama huko juu, na nafasi ipo, lakini kwa mwashi ile ghorofa ni kiegemeo kirefu kilichofichwa ndani ya jengo. Dari la pipa, tofauti na yale matao yanayokatana, linasukuma ukuta mfululizo, kila sentimita ya urefu wake, si kwenye nguzo pekee. Lazima kitu kiuegemeze ukuta huo pembeni mwanzo hadi mwisho. Conques, Toulouse na Santiago vyote vina jibu hilohilo juu ya vipenu.

Walioacha jibu hilo walilipa. Kule Vézelay, Ufaransa, mahali njia mojawapo ya hija inapoanzia, ukumbi wa Sainte-Madeleine ulijengwa upya baada ya moto wa mwaka 1120 bila ghorofa ya vipenu. Walitaka madirisha juu, chini ya dari, na walitumia matao yanayokatana ili msukumo ushuke kwenye nguzo. Mwanga waliupata, na ni wa ajabu kweli. Kuta zikatanuka, matao yakapoteza duara lake, viegemeo vya nje vikaongezwa, na mwaka 1840 msanifu majengo Eugène Viollet-le-Duc, akiwa na miaka 26, akakabidhiwa jengo lililokuwa linaelekea kuanguka. Kwenye kanisa la abasia ya Cluny, Ufaransa pia, mwaka 1125, sehemu ya dari la ukumbi mpya iliporomoka. Mwalimu anayetumia sanduku hili afunge nusu-matao yote, aonyeshe, ayatoe, halafu ndipo aseme habari za Vézelay. Kwa mpangilio huo tarehe zinashika.

Gharama ya usalama ni giza, na mfano unalionyesha vizuri. Ziba ncha mbili kwa karatasi ngumu, zima taa, elekeza tochi ya simu kwenye madirisha ya ukuta wa nje. Sakafu ya kipenu inang'aa, ghorofa inang'aa, dari kuu linabaki na kivuli, kwa kuwa hakuna dirisha hata moja juu ya mguu wa tao. Katika kanisa lenyewe mnara wa makutano, pale ukumbi unapokatana na mikono ya msalaba, huteremsha mwanga wa nyongeza, nao haumo sandukuni. Haya yote hayakumzuia mwandishi wa mwongozo wa mahujaji wa karne ya 12 kulisifu kanisa la Santiago kuwa halina ufa, ni pana, lina mwanga na lina ghorofa kama jumba la mfalme. Alilipima kwa kimo cha mtu: watu 53 kwa urefu, 14 kwenda juu. Kijitabu kingeweka hilo mbele kingepata wasomaji.

Mbao

Vipande vya matao ni vya mulombwa (mninga), na hapo karakana imechagua vizuri: mti huo unavimba na kunywea kidogo kuliko mingi. Kuta na viegemeo ni vya ekaliptusi, na ekaliptusi inapinda. Kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, vyote vinakaa sawa. Mvua zikianza, fanya hesabu hii: tao lina kama sentimita 27 za mbao kufuata duara, zikivimba kwa asilimia 1 tu, ni karibu milimita 3, nacho kipande cha 13 kinabaki nje. Kwa mulombwa iliyokaushwa vizuri hufiki huko. Kwa masanduku ambayo karakana imeanza kuyatoa kwa bei ya chini, dola 45, yote kwa ekaliptusi, utafika huko kabla ya Krismasi. Usinunue hayo.

Kitu tulichokitamani zaidi ni rangi mbili. Saint-Sernin, ambayo jina lake limebandikwa kifunikoni, ni kanisa la matofali: bonde la mto Garonne halina mawe mengi ya kujengea, kwa hiyo mawe yaliwekwa pale yanapohitajika, kama pembe, nguzo na vichwa vyake, fremu za milango na madirisha, na mwili uliobaki ukawa tofali. Mwanafunzi wa Lubumbashi, aliyekulia kati ya kuta za tofali za kuchoma na matanuri ya udongo wa vichuguu, angelishika hilo mara moja. Angeuliza pia swali zuri: tao la tofali linafungaje, wakati tofali halina upande mpana na mwembamba? Jibu ni kwamba kabari inakuwa kwenye chokaa, kiungo chembamba tumboni na kinene mgongoni. Ndiyo maana tofali la Toulouse, pana na bapa, unene wa sentimita 5 hivi, linafaa kwa matao. Mbao nyeupe kwa jiwe na mulombwa kwa tofali zingetosha kulionyesha bila kuongeza bei.

Kinachokosekana kwa upande wa hija yenyewe ni sehemu ya altare. Njia inayoizunguka, na vikanisa vidogo vinavyochomoza kutoka kwenye njia hiyo, viliwawezesha mahujaji kupita hadi kwenye masalia ya watakatifu huku watawa wakiendelea na sala zao kwenye kwaya. Saint-Sernin ina vikanisa 9: vitano vya kuzunguka na vinne kwenye mikono ya msalaba, Conques ina vitatu vya kuzunguka. Karakana inasema sanduku la pili la sehemu hiyo linachongwa kwa oda. Hatujaliona, kwa hiyo halimo katika hukumu hii.

Makosa mengine ya kijitabu, kwa ufupi. Mwaka 1096 si mwanzo wa Saint-Sernin: huo ndio mwaka Papa Urbano wa Pili alipobariki altare, na kazi ilikuwa imeanza karibu na 1080. Picha ya jalada la nyuma, eti Santiago ya Kiromaneski, ni uso wa magharibi wa karne ya 18. Kazi ya Romaneski iko nyuma ya uso huo, na lango la mchongaji Mwalimu Mateo lina tarehe ya 1188. Mpango wenye njia ya kuzunguka altare haukubuniwa kwa ajili ya mahujaji wa Santiago peke yao. Ulikuwepo kwenye makanisa mengine, kwa mfano Saint-Philibert ya Tournus. Na picha yenye viegemeo vinavyoruka hewani ni ya kanisa la Gotiki, haina kazi humu.

Ukienda kununua, nenda na rula. Mwombe fundi afungue sanduku, chukua vipande 13 vya tao lolote na uvipange juu ya kofraji palepale kwenye benchi. Visipofunga dukani havitafunga shuleni. Agiza ya mulombwa isiyo na vanishi (anakubali ukitoa oda mapema, kwa bei ileile), kofraji ya pili, na vinguzo vinne vya akiba. Vipande vilivyovunjika anachonga upya ukimpelekea kile kilichovunjika kama kipimo, si ukimweleza kwa simu. Sanduku lina karibu kilo 7 na linasafiri vizuri kwa basi hadi Likasi au Kolwezi, ila mfuko wa mchanga hupasuka njiani na chembe zake huingia kwenye viungo vya nguzo. Uache kwa fundi, upate mchanga mwingine utakakofika.